Mwingereza hakumwachia kifungua mimba kila kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala mliyoichapa wiki mbili zilizopita kuhusu ugomvi wa mashamba ya urithi. Mwandishi wake, ambaye kwa kawaida namsoma kwa faida, alishauri kwamba familia ziache kukatakata ardhi na badala yake zimkabidhi kifungua mimba wa kiume shamba lote, kwa kuwa, anavyosema, hivyo ndivyo walivyofanya mabwana ardhi wa Uingereza na ndiyo maana mashamba yao yakadumu karne nyingi. Kwamba ardhi ikigawanywa kila kizazi mwishowe hubaki tuta la mchicha ni hoja nzito, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mfano wenyewe. Nimefundisha historia kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na habari za mabwana hao nimezifuatilia kwa hamu ambayo hata wanafunzi wangu waliizoea. Yule baba wa Kiingereza anayefariki, kijana mkubwa akachukua kila kitu na wengine wakaondoka mikono mitupu, hayumo katika nyaraka zao. Aliyemo ni mtu mwingine, na wasomaji wanastahili kumjua kabla hawajashauriwa kumwiga.

Nianze na lililo kweli. Sheria iliyotumika katika mahakama za mfalme ilisema kwamba baba akifa bila kupanga lolote, ardhi yake huenda kwa mwana mkubwa peke yake. Hata hapo palikuwa na tofauti: katika jimbo la Kent wana wote waligawana sawasawa, na katika baadhi ya miji ya zamani mrithi alikuwa kitinda mimba. Tena sheria hiyohiyo ilimpa mjane theluthi ya ardhi ya mumewe aitumie maisha yake yote, na ilisema wazi kwamba kama marehemu hana mtoto wa kiume, mabinti zake ndio warithi na hugawana sawa, kabla ya baba zao wadogo na kabla ya binamu zao wa kiume. Msomaji alishike hilo la mabinti, maana nitalirudia.

Lakini sheria hiyo ilikuwa ya mtu ambaye hakupanga, na mabwana ardhi walipanga. Nao hawakusubiri kitanda cha mauti. Walipanga siku za posa. Urithi wa ardhi katika tabaka lile uliamuliwa kwenye mkataba wa ndoa, uliojadiliwa kwa wiki na miezi na wazee wa pande mbili na wanasheria wao, na ukatiwa saini kabla bibi harusi hajakanyaga kanisani. Aliyetaka kujua nani atamiliki nini miaka 30 baadaye aliufungua mkataba huo kabla ya kuuliza habari za wosia.

Hapa inabidi niondoe utata wa maneno, kwa sababu sisi tukisikia mali ya ndoa tunafikiria mahari, na mahari hutoka kwa mwanamume. Kwa mabwana wa Uingereza fedha ilitoka kwa baba wa binti. Hilo liliitwa fungu lake, na lilikabidhiwa upande wa mume, mara nyingi likatumika kulipa madeni ya shamba au kuwalipa dada za bwana harusi mafungu yao nao waolewe. Upande wa mume haukuchukua fedha hiyo bure. Ulijifunga kwa maandishi kwamba bibi huyu akifiwa na mumewe atalipwa kila mwaka kiasi maalumu kutoka katika kodi za mashamba fulani yaliyotajwa kwa majina, mpaka afe. Nitaiita riziki ya ujane. Mwishoni mwa karne ya 17 kipimo kilichozoeleka kilikuwa pauni 100 kwa mwaka kwa kila pauni 1,000 za fungu. Karne moja kabla ya hapo mjane alipata zaidi kwa fungu lilelile, kwa hiyo tunaweza kusema bei ya kumwoza binti ilipanda. Na tangu sheria ya 1536, mwanamke aliyeandikiwa riziki ya ujane kabla ya ndoa hakuweza tena kudai ile theluthi yake ya zamani. Alikuwa amebadilisha haki ya sheria kwa ahadi ya mkataba, na mara nyingi waliombadilishia ni baba yake na kaka zake.

Mkataba haukuishia hapo. Ulitaja posho ya mke ya kila mwaka kwa matumizi yake mwenyewe akiwa bado ameolewa. Ulitaja jumla ya fedha itakayogawanywa kwa watoto wote ambao hawatakuwa warithi, wa kiume na wa kike, watoto ambao siku hiyo hawajazaliwa, na ulieleza shamba lipi litawekwa rehani ili fedha hiyo ipatikane. Ulitaja wadhamini, yaani wajomba, marafiki wa familia au mwanasheria, ambao kwa jina walishika sehemu ya mali ili kuhakikisha kila mmoja anapata alichoandikiwa. Fikiria, Ndugu Mhariri, kijana wa miaka 24 na msichana wa miaka 19 ambao huenda wamekutana mara chache tu, na mbele yao iko karatasi inayosema mtoto wao wa tatu wa kike atalipwa nini siku atakapotimiza miaka 21 au kuolewa.

Nimesema karatasi, kumbe ilikuwa ngozi. Katika miaka ya 1980 nilipata masomo ya muda mfupi Uingereza, na mchana mmoja katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo nililetewa mkataba wa namna hiyo wa karne ya 18. Ilikuwa ngozi ya kondoo iliyokwanguliwa ikawa nyeupe, pana kama kitambaa cha meza, imekunjwa mara nyingi, na chini yake vimening'inia vipande vya nta nyekundu vya mihuri. Ukingo wa juu ulikatwa kwa mawimbi. Mhifadhi akanieleza kwamba zamani nakala mbili ziliandikwa kwenye ngozi moja kisha zikatenganishwa kwa mkato wa mawimbi, ili siku ya ubishi zikutanishwe na meno yaingiane. Ikishindikana kuingiana, moja ni ya kughushi. Ngozi ya kondoo nayo ilipendwa kwa sababu ukikwangua neno uliandike upya, alama haifichiki. Nilitafuta saini ya bibi harusi. Ilikuwa ndogo, imeandikwa kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwaga wino, na ilikuwa chini ya saini ya baba yake. Tangu siku hiyo sijaweza kuzungumzia urithi wa Waingereza bila kuiona.

Sasa nije kwa kifungua mimba mwenyewe. Huyu ambaye makala ilimwona kama mwenye kila kitu hakuwa, kwa maana tunayoitumia sisi, mwenye shamba. Katikati ya karne ya 17, wakati Mfalme na Bunge wakipigana na mali za walioshindwa zikishikwa, wanasheria wa mabwana, aliyevuma zaidi akiwa Orlando Bridgeman, walikamilisha namna ya kuifunga ardhi isipotee mikononi mwa mtu mmoja. Mwana mkubwa alipooa, mkataba ulimpa haki ya kutumia ardhi maisha yake tu. Alikula kodi zake, alikaa katika jumba, aliitwa bwana na wapangaji, lakini hakuweza kuiuza, wala kuiweka rehani kupita muda wa uhai wake, wala kumwachia amtakaye. Baada yake ardhi ilikuwa tayari ni ya mwanawe mkubwa ambaye bado hajazaliwa. Juu ya kodi hizohizo zilikaa riziki ya ujane ya mama yake, mafungu ya wadogo zake, na pengine hata posho ya bibi yake aliyekataa kufa mapema. Zilipokuwapo jumba moja na wajane wawili, kijana aliyeitwa mrithi angeweza kubaki na nusu tu ya mapato, huku gharama zote za jumba zikiwa juu yake.

Mahakama hazikukubali ardhi ifungwe milele. Kesi maarufu ya mwaka 1682, ya mali za ukoo wa Norfolk, iliweka msingi wa mpaka huo. Mtoto yule aliyekuwa hajazaliwa, akishatimiza miaka 21, aliweza kukifungua kifungo. Lakini kilichofuata ndicho kilichoufanya utaratibu udumu. Baba alimwita kijana wake chumbani, na mwanasheria yupo. Kijana hana kipato, anataka kuoa au ana madeni ya Oxford au ya London, na ardhi hataipata mpaka baba afe, jambo ambalo linaweza kuchukua miaka 30 mingine. Baba humwambia: tia saini pamoja nami tuifungue ardhi na kuifunga upya, nawe uwe mtumiaji wa maisha kama mimi, na kuanzia mwezi huu utapata posho yako. Kijana alitia saini. Kwa muda mrefu kufungua huko kulipitia mahakamani kwa kesi ya kuigiza, ambamo mtu anayedaiwa kuwa aliiuza ardhi hiyo na kuidhamini alikuwa kwa desturi mpiga mbiu wa mahakama, asiye na hata ekari moja. Mchezo huo ulifutwa mwaka 1833, ikabaki hati tu. Kwa hiyo kila kizazi kilikuwa huru kwa muda wa mchana mmoja, kisha kikajifunga tena.

Mwandishi wenu anasema hilo ndilo lililolinda mashamba. Kwa sehemu ni kweli, na mwanahistoria H. J. Habakkuk alilisema tangu mwaka 1940, kwamba mikataba ya ndoa na rehani za muda mrefu zilisaidia mashamba makubwa kuzidi kukua kwa kuoana. Sitaki kuficha upande huo. Ninachotaka ni kwamba tutazame na gharama yake, na nani aliyeilipa.

Chukua ukoo wa Verney wa Claydon, katika jimbo la Buckinghamshire, ambao barua zao kwa maelfu zimehifadhiwa mpaka leo. Hawa ndio mabwana ardhi hasa, si malodi. Sir Edmund Verney alimwoza mwanawe mkubwa, Ralph, mwaka 1629 kwa yatima mwenye mali aitwaye Mary Blacknall, aliyekuwa na miaka 13. Ndoa za mayatima wa namna hiyo ziliuzwa na mahakama ya mfalme iliyosimamia warithi wadogo, na jamaa walilipa ili kumpata mmoja. Mabinti zake mwenyewe Sir Edmund aliwawekea mafungu yao yatoke katika mapato ya ushuru wa nguo. Oktoba 1642 akauawa katika vita vya Edgehill akishika bendera ya Mfalme. Vita vikaua mapato ya ushuru ule. Ralph, aliyekuwa upande wa Bunge lakini akakataa kiapo kilichotakiwa, akakimbilia Ufaransa, na mashamba yakazuiliwa. Nyumbani wakabaki dada zake watano wasioolewa, kila mmoja na fungu lake lililoandikwa vizuri na lisilolipika.

Barua zao kwa kaka yao zinaumiza kuzisoma. Si kwamba Ralph alikuwa mtu mbaya; alikuwa mwangalifu, mwenye madeni ya baba yake, mwenye kuhesabu kila shilingi. Lakini mwanamke wa tabaka lile asiye na fungu mkononi hakuwa na la kumpa mchumba, na hakuruhusiwa na heshima ya ukoo kufanya kazi ya kumlisha. Waliolewa wakiwa wamechelewa na kwa waume wa chini ya matarajio ya baba yao. Wakati huohuo aliyerudi Uingereza peke yake kuyahangaikia mashamba, akiwa mjamzito na mgonjwa, akizunguka kwa wakubwa wa London mpaka akafanikiwa, alikuwa Mary, yule yatima wa miaka 13, sasa mke. Alifariki mwaka 1650 akiwa na miaka 34. Na mdogo katika watoto wake wa kiume, John, kwa kuwa ardhi haikuwa yake, alipelekwa kujifunza biashara na akaishi Aleppo, mji wa Syria, zaidi ya miaka kumi. Ni bahati tu ya vifo vya ndugu ndiyo iliyomrudisha Claydon kuwa bwana mwaka 1696. Ukoo ule uliokolewa na mwanamke aliyeletwa kwa ajili ya mali yake na kijana aliyetumwa kwenda kujitafutia. Kifungua mimba peke yake asingeweza.

Kuna kisa kingine ambacho huwa nawasimulia vijana, ingawa ni cha ukoo wa malodi, wa juu kuliko akina Verney. Lady Anne Clifford alizaliwa mwaka 1590 katika ngome ya Skipton, na alikuwa mtoto pekee aliyebaki wa George Clifford, Lodi wa Cumberland. Ardhi za ukoo wake kaskazini zilikuwa zimefungwa tangu enzi za Mfalme Edward wa Pili ziende kwa wazao wa mwenye ardhi bila kubagua mwanamume na mwanamke. Lakini baba yake, alipofariki mwaka 1605, aliacha wosia uliompa ndugu yake Francis ardhi zote, na binti akaachiwa pauni 15,000. Mama yake, Margaret Russell, akaanza kukusanya hati za kale za ukoo, ngozi kwa ngozi, ili kuthibitisha kwamba marehemu hakuwa na uwezo wa kutoa alichotoa.

Anne alikuwa na miaka 15 kesi ilipoanza. Alipoolewa na Richard Sackville, Lodi wa Dorset, mume akawa mshtaki wake mwingine, kwa sababu mume alitaka fedha, na fedha ingepatikana kama mke angetia saini kuiachia ardhi. Mwaka 1616 alimchukua mtoto wao, Margaret, ambaye hajatimiza miaka miwili, akamtenga na mama yake ili amlegeze. Alimfutia pia riziki ya ujane aliyokuwa amemwandikia. Januari 1617 Anne alipelekwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza, akazungukwa na malodi na majaji, mume wake miongoni mwao, akaombwa, kisha akatishwa, akubali uamuzi wa Mfalme. Akasema hataiacha Westmorland, jimbo la kaskazini zilikokuwa ardhi zake, akiwa hai. Mfalme akaamua bila saini yake: ardhi kwa Francis na wanawe wa kiume, fedha kwa mume. Uamuzi huo ulibakiza mlango mmoja, kwamba wazao wa kiume wa Francis wakiisha, ardhi itarudi kwa Anne. Alisubiri. Binamu yake wa mwisho alifariki Desemba 1643 bila mwana, naye akiwa na miaka 53 akapata kile alichoanza kukidai miaka 38 kabla. Alihamia kaskazini mwaka 1649, akajenga upya ngome zilizobomoka, Skipton, Appleby, Brough, Brougham na Pendragon, na akaishi humo akizunguka kutoka moja hadi nyingine mpaka alipofariki mwaka 1676.

Kando ya barabara karibu na Brougham, mahali alipoagana na mama yake kwa mara ya mwisho tarehe 2 Aprili 1616, alisimamisha nguzo ya mawe mwaka 1656. Pembeni pake pana meza fupi ya jiwe. Aliagiza kwamba kila mwaka siku hiyo maskini wa parokia wagawiwe pauni nne juu ya meza ile. Nguzo na meza vipo mpaka leo.

Turudi sasa kwenye lile la mabinti. Sheria ya kale ilikuwa upande wa Anne. Hati ya kale ya ukoo wake ilikuwa upande wake pia. Kilichomnyang'anya ni kalamu ya baba yake. Na hilo halikuwa la ukoo mmoja. Mwanahistoria Eileen Spring ameonyesha kwamba, kwa namna vifo vya watoto vilivyokuwa, familia nyingi zilijikuta na mabinti tu, na kwamba kama sheria ingeachwa ifanye kazi yake, sehemu kubwa ya ardhi ya Uingereza ingeingia mikononi mwa wanawake. Mikataba ya kuifunga ardhi kwa wazao wa kiume ilibuniwa na kuboreshwa kizazi kwa kizazi hasa ili hilo lisitokee. Binti aliyekuwa mrithi akageuzwa kuwa mwenye fungu la fedha. Kwa hiyo anayesema kwamba Waingereza waliwapendelea wanaume kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi yao tangu kale amegeuza mambo. Walilipa wanasheria wakubwa wa nchi ili waikwepe sheria yao wenyewe.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kalamu hiyohiyo ndiyo ilikuwa ngao pekee ya mwanamke aliyeolewa. Msomaji wa pwani, ambaye bibi yake aliolewa akabaki na minazi yake na dhahabu yake mwenyewe, atashangaa kusikia kwamba mwanamke wa Kiingereza akishaolewa, fedha na vitu vyake vyote vilikuwa mali ya mume, na kodi za ardhi yake alizipokea mume. Waliosalimika ni wale ambao baba zao waliandika katika mkataba kwamba mali fulani itashikwa na wadhamini kwa matumizi yake yeye mwenyewe, mbali na mumewe, na Mahakama ya Chansela, iliyosimamia mali zinazoshikwa na wadhamini, ikaulinda mpango huo. Asiye na baba wa kulipia hati ya namna hiyo hakuwa na chochote mpaka Bunge lilipopitisha sheria za 1870 na 1882 za mali ya wanawake walioolewa. Mwanamke wa tabaka la mabwana alikingwa na mkataba. Mke wa mwenye duka na mke wa fundi waliachwa nje, nao ndio waliokuwa wengi.

Na mashamba yenyewe yalidumu? Yalidumu mpaka nyakati zilipobadilika. Mafungu na riziki za ujane zilikuwa zimeandikwa kwa pauni kamili, lakini kodi hazikuahidiwa kubaki zilivyo. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani ilipofurika na bei kuanguka, kodi zilishuka, huku ahadi za miaka 40 iliyopita zikidai malipo yaleyale. Mtumiaji wa maisha hakuweza kuuza hata kipande kimoja ili aokoe vilivyobaki. Paa zilivuja juu ya vichwa vya watu walioandikwa katika orodha ya serikali ya mwaka 1873 kuwa wenye maelfu ya ekari. Ilibidi Bunge liwape ruhusa ya kuuza kwa Sheria ya Ardhi Zilizofungwa ya 1882, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba yaliuzwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana kwa vizazi vingi. Nadhani mwandishi wenu angekuwa mkweli zaidi kama angemaliza hadithi yake hapo badala ya kuikatiza penye fahari.

Nina sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na nyumbani, ya kutotaka mfano huu upotoshwe. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, liliamua katika kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu uliowekwa na Waislamu kwa ajili ya watoto wao na vizazi vyao, huku fungu la maskini likisubiri mpaka ukoo utakapokwisha, si wakfu halali. Waislamu wa India walilalamika sana, na mwaka 1913 sheria ikatungwa huko kuurudisha. Lakini uamuzi ule ulisafiri, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza hilohilo liliutumia kubatilisha wakfu wa ukoo katika rufaa iliyotoka Kenya. Kenya nayo ikatumia Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 kuukubali wakfu wa ukoo kwa maandishi. Najua jibu la wanasheria, kwamba wakfu ni wa milele na kifungo cha Kiingereza kilipaswa kufungwa upya kila kizazi. Tofauti hiyo ipo. Bado mzee wa Mombasa aliyetaka minazi isitoke mikononi mwa wajukuu zake, na bwana wa Buckinghamshire aliyetaka vivyo hivyo kwa mashamba yake, walikuwa na shauku moja; mmoja alipewa wanasheria bora wa nchi, mwingine aliambiwa kwamba sadaka yake ni ya kujifanya. Tukiwasimulia vijana kwamba Waingereza walikuwa na desturi nyepesi ya kumpa mkubwa kila kitu, tunawanyima hata uwezo wa kuiona dhuluma hiyo.

Namalizia na ombi mahususi. Makala ilisema kwamba urithi wa kifungua mimba "unaendelea Uingereza mpaka leo". Naomba lisahihishwe. Kwa anayekufa bila wosia ulifutwa na sheria za 1925 zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1926, na Kent ikapoteza desturi yake siku hiyohiyo. Watoto sasa hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Kuifunga ardhi upya kwa namna ile ya kale kulikatazwa na sheria ya 1996 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Kinachoendelea kwenda kwa mwana mkubwa ni vyeo vya kilodi, ambavyo havilimwi wala havipangishwi.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga